Fundi, BIOS imekufa? Soma kwanza, usifute

Toleo lililopita la jarida niligusia BIOS, yale maelekezo ya kwanza yanayoamsha kompyuta, mistari miwili tu na tangu hapo simu haijapoa, meseji zinatoka Masasi, Newala, Lindi mjini, Kilwa, mpaka hapa jirani Mikindani. Nimechukua tano, maana nyingi zinafanana, na nyingi zinaanza na maneno yale yale, fundi kaniambia BIOS imekufa. Sasa tuanze na ya mama wa Masasi kwa sababu yake ina haraka.

SWALI: Shikamoo fundi. Mie nina steshenari hapa Masasi, nina kompyuta moja ya mezani ndo inayonilisha, nachapa barua, mitihani ya shule, kadi za harusi. Wiki iliyopita ilileta ujumbe kwamba kuna apdeti ya BIOS nikabonyeza kubali, imefika nusu umeme ukakatika. Umeme uliporudi nawasha, feni inazunguka, taa inawaka, skrini nyeusi tii. Fundi wa kwanza kasema madabodi imekufa ninunue nyingine, wa pili kasema ni chipu ya BIOS anaweza kubadilisha ila hana uhakika. Je, kazi za watu nimezipoteza? Mitihani ya shule iko humo na wanaitaka. (Mama Steshenari, Masasi)

JIBU: Marahaba mama, pole sana. Nianze na hilo linalokunyima usingizi: mitihani ya watu ipo salama. Iko kwenye diski, na BIOS haikai kwenye diski, inakaa kwenye chipu yake ndogo juu ya madabodi, ile bodi kuu ya ndani, kitu chenye miguu minane, ukubwa wake ni kama punje ya mahindi. Ukiwa na haraka sana mwambie fundi yeyote achomoe diski aichomeke kwenye kompyuta nyingine mnakili mitihani leo hii, alafu mambo ya BIOS yafuate kwa utulivu. Na madabodi usinunue kwanza, nakuomba sana.

Kilichotokea ni hivi. Ukiwasha kompyuta kitu cha kwanza kabisa ambacho prosesa inakwenda kusoma ni hiyo chipu, humo ndo kuna maelekezo ya kuamsha ramu, skrini, kibodi, na kuitafuta diski yenye Windows. Apdeti inafuta maelekezo ya zamani na kuandika mapya. Umeme ukikatika katikati unakuwa na nusu mapya na nusu hakuna, kwa hiyo prosesa inaanza kusoma inafika mahali inakuta patupu, inasimama. Feni inazunguka kwa sababu feni haihitaji maelekezo, inahitaji umeme tu. Chipu yenyewe ni nzima mama, haijaungua wala nini, maandishi ndo yamekatika. Ni daftari zuri lenye ukurasa uliochanika.

Kabla hamjagusa chipu fanyeni kwanza vitu vya bure. Chomoa waya wa umeme, toa ramu, chukua kifutio cha penseli usugue taratibu ile sehemu ya dhahabu, rudisha mpaka isikike imebana pande zote. Najua kwako apdeti ilikatika, ila nimeshaona mara nyingi mtu anahangaika na BIOS siku tatu kumbe ramu ndo imelegea. Huku kwetu Mtwara mjini ndo usiseme, hewa ya bahari inakula, nikifungua mashine iliyokaa Shangani mwaka mzima nakuta ukijani mpaka kwenye skrubu. Masasi nyie shida yenu vumbi. Toa pia ile betri ya duara kwa dakika kumi ukiwa umeshachomoa umeme, kisha rudisha.

Ikikataa, angalia madabodi yako ni ya kampuni gani, maana makampuni mengi yameshaliona hili na yameweka mlango wa nyuma. Madabodi nyingi za Gigabyte zina chipu mbili za BIOS, ya pili ni akiba, ukiwasha na kuzima mara kadhaa inaweza kujinakili yenyewe. ASUS baadhi zina kitufe nyuma, unaweka faili kwenye flashi, unachomeka kwenye tundu lililoandikwa, unabonyeza kitufe, inajiandika hata kama skrini haionyeshi kitu. Kwa wenye HP unatengeneza flashi kwenye kompyuta nyingine kwa kutumia faili la BIOS la HP lenyewe, linakuuliza kama unataka flashi ya kuokolea, alafu unachomeka, unashikilia kitufe cha Windows na herufi B huku unabonyeza pawa sekunde mbili tatu, unaachia pawa ila hivyo viwili unaendelea kushikilia. Dell nyingi za miaka hii ni Ctrl na Esc, unavishikilia huku unachomeka umeme. Flashi iwe imefomatiwa FAT32, na faili liwe la modeli ile ile kabisa, hata toleo la bodi, liko kwenye kona limeandikwa rev 1.0 au rev 2.0, hizo mbili zinaweza kuwa bodi tofauti kabisa. Na safari hii mama azima UPS, lile betri la akiba la umeme, hata kwa jirani, usirudie kwenye umeme mtupu. Ukiona imeanza kufanya kazi usiizime, inaweza kujizima na kujiwasha yenyewe mara mbili tatu kabla skrini haijaonyesha kitu, ivumilie.

Hiyo nayo ikigoma ndo sasa tunaenda kwenye chipu, na huyo fundi wa pili aliyesema hana uhakika mimi namheshimu kwa kusema hivyo. Kuna kifaa kinaitwa programa, kinachomekwa kwenye USB, kinasoma chipu na kuiandika bila kuhitaji hiyo madabodi iwake. Bahati yako ni kompyuta ya mezani, baadhi chipu imechomekwa tu kwenye soketi, unaivuta juu wima bila kuipindisha, ila kabla hujaivuta piga picha na simu uone kile kidoti au kijishimo kimeangalia wapi, ukirudisha kinyume unaiunguza. Kama imechomelewa kuna klipu ya kubana juu yake, hamna haja ya kuing'oa. Hilo la kubadilisha chipu ni la mwisho kabisa. Winbond, ambao chipu zao utazikuta kwenye mashine nyingi sana, wanaandika kwamba chipu inavumilia kufutwa na kuandikwa mara 100,000 na kutunza maandishi zaidi ya miaka 20. Kompyuta ya steshenari itaapdetiwa mara ngapi maishani mwake, tano? Kwa hiyo chipu haifi kwa kuchoka. Inakufa kwa maji, kwa shoti, kwa kupewa volti sio zake, na mara nyingi kwa mkono wa fundi.

SWALI: Kaka fundi, mimi ni karani kwenye chama cha msingi huku Newala. Kila asubuhi nikiwasha kompyuta tarehe imerudi miaka ya nyuma huko, na msimu wa korosho umekaribia, nikichapa risiti ya mkulima inatoka na tarehe ya ajabu. Nimeambiwa BIOS imekufa inabidi chipu ibadilishwe. (Karani, Newala)

JIBU: Hapana ndugu yangu, usibadilishe kitu. Ni betri ya duara, CR2032, ya volti 3. Hiyo ndo inayotunza saa wakati mashine imezimwa. Pima na mita, ukikuta imeshuka chini ya 2.5 itupe, weka mpya, ingia kwenye BIOS uweke tarehe na saa, umemaliza. Lakini usichelewe, maana tarehe ikiwa ya zamani na tovuti nyingi zinakataa kufunguka, na risiti ya mkulima yenye tarehe ya uongo ni ugomvi mkubwa siku ya malipo, mzee wa watu ametoka shamba anataka haki yake. Kama umeweka betri mpya na bado inarudi, hapo niandikie tena, itakuwa kuna unyevu au kutu kwenye kikombe cha betri.

SWALI: Mambo kaka fundi. Mimi niko Lindi mjini najifunza ufundi wa laptopu mwaka wa pili sasa. Nimeagiza programa ya CH341A nyeusi na klipu yake kutoka Dar, imefika kwa basi. Nimebana kwenye chipu ya W25Q64, nikisoma mara ya kwanza yote FF FF FF, mara ya pili inatoka data, mara ya tatu inatoka data nyingine tofauti. Je, chipu imekufa? Nimeshapakua faili la BIOS kwenye tovuti ya kampuni, nifute tu niandike? (Fundi mdogo, Lindi)

JIBU: Poa mdogo wangu, na nimefurahi sana kusoma hii barua, kwa sababu umesimama kuuliza kabla hujafuta. Usifute. Toa mkono kabisa kwenye hicho kitufe mpaka umalize kusoma hapa.

Kusoma mara tatu ukapata majibu matatu, chipu haijafa, ni klipu haijashika. Fanya hivi. Toa betri ya laptopu, toa na ile ya duara, chaja isiwepo hata karibu. Chukua mswaki laini na spiriti, safisha miguu ya chipu yote minane pande zote mbili, subiri ikauke. Mie juzi nilikuwa na laptopu ya mvuvi mmoja, nimeweka klipu mara saba inagoma, nikachukua lenzi nikatazama mguu wa nane, ule unaoingiza umeme, una utando mweupe kama chumvi ya kuanikia samaki, na chini yake kijani kibichi. Nikapiga mswaki, nikabana, ikasoma mara ya kwanza. Mguu mmoja tu.

Waya mwekundu wa klipu uende mguu namba moja, ule wenye kidoti juu ya chipu. Ukigeuza, chipu inapata moto, ukigusa kwa kidole unasikia, chomoa hapo hapo. Waya ukiwa mrefu nao unaleta data za kubahatisha, fupisha. Na kuna bodi zingine ukiipa chipu umeme, umeme wote unanywewa na bodi nzima, chipu inabaki na njaa, hizo hata ufanyeje klipu haitasoma, inabidi chipu ing'olewe.

Sasa sikiliza hili la volti, wengi wanaua hapa. Soma maandishi juu ya chipu mpaka mwisho, usiishie W25Q64. Ikiwa W25Q64FV hiyo ni ya volti 3.3, ikiwa W25Q64FW hiyo ni ya 1.8, herufi moja tu ndo tofauti. Ya 1.8 inahitaji adapta yake ya kushushia volti, na ukiipa 3.3 unaweza kuiua kweli, hapo ndo utasema chipu imekufa na itakuwa kweli. Na hiyo CH341A nyeusi, nyingi zina tatizo, mguu wa umeme unatoa 3.3 vizuri lakini miguu ya data inatoa 5. Ipime na mita kabla hujaibana kwenye mashine ya mtu. Ukikuta 5, kuna marekebisho madogo ya kufanya kwenye ile programa, mafundi wengi wameyafanya, au tafuta nyingine.

Ukishasafisha, soma, hifadhi faili. Chomoa klipu, bana upya, soma tena, hifadhi faili la pili. Yalinganishe, softwea yenyewe ina sehemu ya kulinganisha. Yakifanana herufi kwa herufi, na ukubwa ni baiti 8,388,608 kamili kwa W25Q64, hapo ndo useme nimesoma. Weka nakala kwenye flashi, nyingine kwenye kompyuta yako, andika jina la mteja na tarehe.

Utaniuliza, maandishi si yameharibika, nayatunza ya nini? Nitakwambia kwa nini nashikilia hapa. Miaka ya nyuma nililetewa laptopu ya mwalimu mmoja hapa Mtwara, haionyeshi, nikajua BIOS. Nilikuwa na dampu, yaani nakala ya maandishi ya chipu, ya laptopu ya modeli ile ile niliyoitoa kwenye mashine nyingine. Sikusoma ya kwake, nilifuta nikaandika, ikawaka, nikafurahi, akalipa akaenda. Baada ya siku mbili karudi. Mashine inajizima kila inapofika nusu saa, yuko katikati ya kuandaa masomo pap, imezima. Windows inasema leseni sio halali. Namba ya mashine inayosoma kwenye BIOS sio iliyobandikwa chini ya laptopu. Yaani nilikuwa nimempa mwili wake roho ya laptopu ya mtu mwingine. Na ya kwake nilishaifuta, hakuna mahali duniani ningeipata tena.

Kwa sababu ndani ya hiyo chipu hakuna BIOS peke yake. Kuna namba ya mashine, kwenye nyingi kuna anwani ya kadi ya mtandao, laptopu zilizotoka na Windows 8 ya mwaka 2012 kuja huku ufunguo wa leseni umo humo humo, na zile za Intel kuna sehemu inaitwa ME ambayo inafungamana na bodi yenyewe. ME ikiwa mbovu au ya kuokota bila kusafishwa, nyingi zinajizima baada ya dakika 30, ndo ile ya mwalimu. Hata faili likiwa limeharibika, mara nyingi sehemu hizo bado ziko nzima, na kutoka humo unahamisha vya mwenyewe kuviweka kwenye faili zima. Mwalimu yule ilibidi nisafishe ME upya na kuandika namba yake kwa mkono, nikaisoma kwenye kibandiko cha chini, ila leseni nilimnunulia kwa hela yangu, ilikuwa ni haki yake.

Na hilo faili la tovuti usiliandike kwenye chipu kama lilivyo. Linganisha ukubwa kwanza. Mengi ya laptopu ni programu ya Windows, BIOS imefungwa ndani, mengine yana kichwa cha ziada mbele, mengine yamebeba sehemu ya BIOS tu bila ME wala vitambulisho. Chipu yako baiti 8,388,608 na faili sio hizo, ukiandika hivyo hivyo haitawaka, au itawaka ile ya nusu saa. Unatoa sehemu ya BIOS kwenye faili la kampuni, unaipachika mahali pake kwenye dampu yako ya asili, unaandika, unathibitisha. Hicho kitufe cha kuthibitisha usikiruke hata siku moja.

Ikifika chipu ni mbovu kweli, yaani umeing'oa, umeisoma nje, unaandika inakataa kuthibitisha, tafuta ya ukubwa ule ule, volti zile zile, umbo lile lile. Kung'oa weka flaksi, ile dawa ya kuchomelea, ya kutosha, funika plastiki za jirani na ile tepu ya kahawia inayovumilia moto, blowa ya hewa moto kwenye nyuzi joto 350 hivi, zungusha usisimame sehemu moja, na usiivute. Isukume kidogo kwa ncha ya kibanio, ikicheza kama inaelea ndo inyanyue. Ukivuta kabla unatoka na mstari wa shaba chini yake, na kuanzia hapo kazi ya nusu saa inakuwa ya siku mbili. Chipu mpya iandike kabla hujaichomelea, ni rahisi zaidi. Ukikwama piga picha ya chipu karibu, maandishi yasomeke, nitumie kupitia jarida.

SWALI: Fundi habari, niko Kilwa Masoko. Laptopu yangu haiwaki tangu nichomeke flashi ya rafiki yangu wa chuo. Hivi virusi vinaweza kuua BIOS? (Mwanafunzi, Kilwa)

JIBU: Vinaweza, na ilishatokea. Kulikuwa na kirusi kinaitwa CIH, cha mwaka 1998, kilitengenezwa na mwanafunzi wa Taiwan, kilikuwa kinalala kwenye kompyuta za Windows 95 na 98 mpaka tarehe 26 Aprili, na mwaka 1999 siku hiyo ilipofika kiliharibu data za diski na kwenye bodi zilizokubali kikafuta na BIOS, mashine zikawa kama ya mama wa Masasi hapo juu. Lakini laptopu za saivi nyingi zinakagua sahihi ya kampuni kabla ya kukubali kuandikwa, kwa hiyo flashi ya chuoni sio mtu wa kwanza wa kumshuku. Mie ningeanza na chaja, pima inatoa volti zilizoandikwa kwenye kibandiko chake, kisha ramu, kisha angalia tundu la USB ulilochomeka flashi kama vijiti vya ndani vimepinda vikagusana. Shoti ya tundu la USB inaweza kuzuia mashine kuwaka kabisa, na rafiki yako anabaki analaumiwa bure.

SWALI: Kaka, nimenunua laptopu ya mtumba Mikindani, inawaka lakini inaomba nywila ya BIOS kabla ya kitu chochote. Aliyeniuzia hapokei simu. Fundi anasema abadilishe chipu nywila itoke. (Msomaji, Mikindani)

JIBU: Ndugu yangu, hili nalo ni la chipu ila jibu langu ni tofauti. Kwanza kiufundi, kuna laptopu za maofisini ambazo nywila haikai kwenye chipu ya BIOS, ina mahali pengine, kwa hiyo unaweza kulipa chipu ikabadilishwa na nywila ikabaki pale pale, na namba ya mashine ukawa umeipoteza. Pili, nywila ya BIOS mtu huiweka ili mashine ikiibiwa isitumike, na muuzaji asiyepokea simu ananitia mashaka. Sikwambii wewe ni mwizi, umetoa hela yako, lakini huenda kuna mtu mahali anaitafuta. Mtafute aliyekuuzia kupitia pale mliponunuliana, mdai risiti ya kwanza au akutajie nywila. Ukipata risiti yenye namba ya mashine, namba hiyo ikafanana na iliyoko chini ya laptopu, kampuni iliyoitengeneza huwa ina utaratibu wa kumsaidia mwenye mali. Ukiikosa, ipeleke polisi pamoja na namba ya simu ya aliyekuuzia, na kuifungua mimi sitaifungua.